Karatasi ya kipimo haitoshi kumnyima mtoto karanga

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha wazazi na walimu wa shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini. Waliokosa kuja wameomba niiweke kwa maandishi, nimeiacha kama nilivyoongea, na maswali machache nimeyaweka huko chini.

Mbukwenyi! Asanteni, naona wenyeji mmeitikia kwa nguvu. Wengine habari za mchana, na wazee wangu wote shikamooni.

Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu, wazazi wenzangu, na bibi zetu mliokaa pale nyuma ambao najua ndio mnaobaki na wajukuu mchana kutwa wazazi wakiwa kazini. Nimeombwa niongee kuhusu aleji ya karanga kwa watoto na nimekubali haraka kwa sababu hili jambo nakutana nalo kliniki kila mara. Kazi yangu ni watoto wenye pumu, wenye pumu ya ngozi, na hawa wenye mafua ya aleji ambao upepo wetu wa mwezi wa saba na wa nane ukishaanza kubeba vumbi wanapiga chafya mpaka macho yanakuwa mekundu. Na ni wazazi wa watoto hao hao ndio wananiuliza, daktari, karanga niendelee kumpa au nimkatishe?

Jibu nalisema mapema ili hata atakayetoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Kipimo peke yake hakitoshi kusema mtoto ana aleji ya karanga. Swali la kwanza ni alipokula nini kilitokea. Kama anakula na hapati shida yoyote, aendelee kula. Kama alikula akavimba midomo, akatapika, akabanwa kifua, hapo hakuna kujaribu tena nyumbani, na leo nataka kila mwalimu aliyemo humu ajue afanye nini dakika hiyo.

Sasa tuanze na hizi karatasi. Siku hizi vipimo vya aleji vimefika mpaka huku kwetu, mzazi anatoa hela yake ya maana, mtoto anatolewa damu, majibu yanakuja na orodha ndefu, maziwa, yai, karanga, ngano, samaki, soya, mende, vumbi la nyumbani, manyoya ya paka, na pembeni kuna namba na alama za kujumlisha. Hakuna aliyemkalisha mama chini akamweleza hizo alama maana yake nini. Basi anafika nyumbani anaanza kufuta, kila chenye alama kinatoka jikoni.

Nilikuwa na mama mmoja hivi karibuni, ana mtoto wa miaka minne mwenye pumu ya ngozi, kaja na karatasi imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikamuuliza, mama, karanga ameacha lini? Akasema tangu nimepewa majibu. Nikamuuliza kabla ya hapo alikuwa anakula? "Alikuwa anakula daktari, mlenda wa karanga ndio chakula chake, na kashata akienda kwa bibi yake hata usiseme." Alipokula alivimba? Alitoka vipele? Alitapika? "Hapana, hajawahi." Sasa mama umemkatisha kwa sababu gani? Akanyoosha kidole kwenye karatasi.

Nikaomba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri kabisa, alafu ukalala. Kaondolewa karanga, kaondolewa yai, kaondolewa maziwa na ngano, kabaki na ugali na mboga ya majani iliyopikwa kwa maji na chumvi. Na ngozi bado inawasha vile vile! Hiki ndicho kinachoniuma. Sisi watu wa kati, Dodoma na Singida, nyama sio ya kila siku kwa familia nyingi, samaki anatoka mbali, karanga ndio protini na mafuta ya mtoto wa kawaida. Tunaitwanga tunatia kwenye mlenda, kwenye mchicha, kwenye uji. Mkoa wenyewe huu bado tunahangaika na udumavu, alafu mtoto anayekula karanga vizuri tunamnyang'anya kwa sababu ya alama ya kujumlisha.

Niwaeleze ile alama inasema nini. Mwilini tuna kinga, na kwa watoto wenye aleji kinga inatengeneza kitu kinaitwa IgE. Fikiria mlinzi wa getini ana daftari, kaandika jina la mtu anayemtilia shaka. Kipimo cha damu, au kile cha kuchoma ngozi kidogo kwa sindano kuona kama inaota kivimbe, kinasoma daftari tu, kinakuambia jina la karanga limeandikwa. Hicho ndicho wataalamu wanaita sensitaizesheni. Lakini kuandikwa daftarini na kupigiwa filimbi ni vitu viwili tofauti, kuna watoto wengi karanga imeandikwa na kila siku inapita getini salama, mtoto anakula anashiba anaenda kucheza. Aleji ni pale filimbi inapopigwa, yaani mtoto anakula na mwili unalipuka. Na hilo ukisoma daftari peke yake hulijui.

Wala hii sio hisia yangu. Manchester kule Uingereza waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, walipofika miaka 8 wakawapima, karibu 12 katika kila 100 walionyesha sensitaizesheni ya karanga. Walipokwenda kuangalia wanaodhurika kweli, pamoja na kuwalisha karanga baadhi yao chini ya uangalizi, ikaonekana katika waliokuwa na kipimo chanya wenye aleji ya kweli ni kama 22 tu katika 100. Yaani kama wale wazazi wangefanya tunavyofanya sisi, karibu watoto wanne katika kila watano wenye kipimo chanya wangekatishwa karanga bure.

Tuje Afrika maana mtasema hao ni wazungu. Ghana walipima watoto wa shule, wakakuta wengi damu yao ina IgE ya karanga, lakini ukiwachoma ngozi wengi hawaoti kivimbe, na karanga wanakula bila tatizo. Walipochimba wakaona kuna uhusiano na kichocho, kwamba mtoto mwenye vimelea vile mwili wake unatengeneza IgE inayoshika sukari fulani zilizopo kwenye vitu vingi, na karanga nayo inazo, basi kipimo kinasoma karanga wakati karanga haimdhuru. Sasa jamani kichocho na minyoo sisi tunavijua au hatuvijui? Watoto wetu wanagawiwa dawa humu humu shuleni. Kwaiyo karatasi ya damu kwa mtoto wa huku inatakiwa isomwe kwa uangalifu zaidi, tusiisome kama imetoka kwa mtoto wa London.

Lakini naomba msinielewe vibaya mkatoka hapa mnasema daktari kasema aleji ya karanga Afrika haipo. Ipo. Cape Town walichukua watoto 100 wenye pumu ya ngozi ya wastani hadi kali, watoto weusi na machotara, 66 kati yao walikuwa na sensitaizesheni ya chakula fulani, na 40 walikuwa na aleji ya kweli ya chakula. Karanga peke yake ilikuwa karibu robo ya watoto wote wale. Robo! Hao ni watoto wenye ngozi mbaya, sio watoto wote wa mtaani. Walipoangalia watoto wadogo wa kawaida kule Afrika Kusini, mjini wakapata kama 2.5 katika kila 100 wana aleji ya chakula, vijijini kama 0.5. Kwaiyo mjini ni zaidi kuliko kijijini, na Dodoma hii mnavyoiona inavyojengeka kila siku, mimi nawaambia tujiandae.

Kwa hiyo anayehitaji kuangaliwa kwa karibu ni mtoto mchanga mwenye pumu ya ngozi kali, ile inayoanza mashavuni mtoto ana miezi miwili mitatu, inashuka kwenye mikunjo ya mikono na magoti, inatoa majimaji, mtoto halali usiku anajikuna mpaka shuka lina damu. Huyo, na yule ambaye tayari yai linamdhuru.

Na hapa kuna jambo naomba mlisikilize vizuri. Wataalamu wengi sasa wanakubali kwamba mwili unaijua karanga kupitia njia mbili. Ikiingia kupitia mdomoni mapema, tumboni mwili unaizoea kama chakula. Ikiingia kupitia ngozi iliyopasuka kabla mtoto hajaanza kuila, mwili unaichukulia kama adui. Sasa niangalieni maisha yetu. Mama anauza karanga za kukaanga, mtoto yuko mgongoni au amekaa kwenye mkeka hapo hapo. Karanga zimetoka kwenye mchanga wa moto, anazifikicha kwa viganja, anazipeta kwenye ungo, yale maganda mekundu membamba yanaruka na upepo, yanatua kwenye kanga, kwenye shingo ya mtoto, kwenye yale mashavu yenye vidonda. Alafu mama anamfuta mtoto makamasi kwa mkono ule ule. Mtoto ana miezi mitano, mdomoni karanga haijawahi kuingia, ila ngozi yake inaoga karanga kila siku.

Simwambii mama aache biashara. Biashara ndiyo inayomlisha huyo mtoto. Ninachosema ni vitu viwili. Kwanza, ngozi itibiwe. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe kwa wingi mara tu baada ya kuoga mwili ukiwa bado na unyevu, na tena mchana, maana hewa ya Dodoma ni kavu inanyonya. Sabuni kali ya kufulia isimwogeshe mtoto. Ile krimu ya haidrokotizoni akiandikiwa na daktari ipakwe kama alivyoelekezwa, wengi mnaogopa mnasema itamchubua kama mkorogo, krimu hafifu ikitumika kwa siku alizoambiwa ni salama na ngozi iliyowaka bila kutibiwa ndiyo yenye madhara zaidi. Na mama nawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kumshika, maji matupu hayatoshi kuondoa karanga. Pili, umri wa kuanza kula ukifika karanga isicheleweshwe.

Hili la pili wengine mtashangaa kwa sababu mliambiwa kinyume chake, na waliowaambia hawakuwadanganya, ndivyo ilivyokuwa ikifundishwa. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilisema mtoto aliye kwenye hatari ya aleji asipewe karanga mpaka afike miaka mitatu. Aleji haikupungua. Mwaka 2008 wakaufuta ule ushauri. Na mwaka huo huo Profesa Gideon Lack na wenzake wa London wakatoa utafiti unaolinganisha watoto wa Kiyahudi wanaokaa Uingereza na wanaokaa Israeli, damu moja, mila zinafanana, lakini Uingereza aleji ya karanga ilikuwa asilimia 1.85 na Israeli asilimia 0.17. Tofauti kubwa waliyoiona ni kwamba watoto wa Israeli wanaanza kula karanga kabla ya mwaka mmoja, kuna kitafunwa chao laini kinaitwa Bamba kila mtoto anacho mkononi.

Wakasema hapana, tusikisie, tujaribu. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wana pumu ya ngozi kali au aleji ya yai au vyote, nusu wakaambiwa wale karanga kila wiki, nusu wasiiguse mpaka miaka mitano. Majibu yalitoka 2015. Walioepushwa karanga, asilimia 17.2 walipata aleji ya karanga. Waliolishwa, asilimia 3.2. Nadhani kwenye mambo ya aleji ya watoto sijaona namba iliyobadilisha kazi yetu kama hii. Ila muwe makini na kitu kimoja, kabla ya kuanza walichomwa ngozi wote, na wale walioota kivimbe kikubwa hawakuingizwa. Kwaiyo mtoto mwenye ngozi mbaya sana mama usiende kumjaribishia nyumbani kwa sababu umesikia hotuba. Mlete kwanza.

Kwa watoto wengine hakuna haja ya kipimo chochote. Akifika miezi sita, maana kabla ya hapo tunasisitiza maziwa ya mama pekee, ameanza uji na anauweza, twanga karanga zilizokaangwa zikawa laini kabisa, koroga kwenye uji wake. Siku ya kwanza mpe kwenye ncha ya kijiko, subiri kama dakika kumi, hana kitu mpe uliobaki polepole, kaa naye kwa muda wa saa mbili. Ifanye asubuhi, sio usiku mkielekea kulala, na isiwe siku ana homa au kifua. Akiipokea vizuri basi iwe chakula chake cha kawaida, kama vijiko viwili vya chai vya karanga iliyosagwa, mara tatu kwa wiki, na muendelee, maana kumwonjesha mara moja alafu mkakaa miezi bila kumpa hakusaidii. Karanga nzima hapana, mtoto chini ya miaka mitano karanga nzima inamkaba, hilo halina uhusiano na aleji kabisa ila linaua.

Je kipimo hakina maana? Kina maana kikiulizwa swali sahihi. Mtoto amekula karanga akavimba, tunamchoma ngozi kwa tone la karanga, tunasubiri robo saa, tunapima kivimbe kwa rula. Kuanzia milimita 3 tunasema chanya, kikifika milimita 8 na historia inaeleza vile vile basi hatuna mashaka sana. Kuna kipimo cha damu kinachoangalia protini moja ya karanga inaitwa Ara h 2, hicho kinakaribia ukweli kuliko kile cha karanga kwa ujumla. Na pale ambapo bado hatujui, kipimo cha mwisho ni kumlisha mtoto karanga kidogo kidogo hospitalini, daktari na muuguzi wapo, dawa imeshavutwa kwenye bomba. Kabla ya kuchomwa ngozi zile dawa za aleji kama setirizini au piriton ziachwe siku kadhaa, vinginevyo jibu linakuja la uongo.

Haya, walimu sasa nawaomba mnisikilize ninyi.

Aleji ya karanga ya kweli inajitokeza mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita tangu ale. Mtoto amepewa kashata na mwenzake wakati wa mapumziko. Anaanza kusema mdomo unawasha, koo linawasha. Vipele vikubwa kama vya kuumwa na siafu vinatoka shingoni, midomo inavimba, jicho linafumba. Ikiishia hapo mpe dawa ya aleji kama anayo, mkae naye mkimwangalia, mpigieni mzazi. Lakini akianza kukohoa mfululizo, sauti ikakauka, kifua kikapiga filimbi, akatapika tena na tena, akalegea, akawa na usingizi usioeleweka, hiyo ni dharura. Wakati mwingine vipele havitoki kabisa, mtoto anaanza na kifua moja kwa moja, hasa mwenye pumu, na hao wenye pumu ndio tunaowaogopea zaidi.

Dawa hapo ni moja, adrenalini. Piriton haiokoi mtoto aliyeziba koo. Maziwa hayaokoi, mafuta ya kula hayaokoi, mkaa hauokoi, na kumlazimisha kunywa kitu wakati koo limevimba ni kumwongezea hatari. Zile kalamu za kujichoma adrenalini ambazo wenzetu nje wanatembea nazo mfukoni hapa kwetu kuzipata ni kazi na bei yake ni kubwa, lakini adrenalini ya chupa ndogo ni dawa ya kawaida kwenye vituo vya afya. Kwaiyo kituo cha karibu ndicho mnachokimbilia, msipite vituo viwili mkitafuta hospitali kubwa. Na mkifika mlangoni semeni neno hili, "amekula karanga na anashindwa kupumua", msikae foleni ya kuandikisha.

Wauguzi mliopo, mnaijua lakini naisema, miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja upande wa nje, mtoto wa kilo 15 ni mililita 0.15 ya ile chupa ya miligramu 1 kwa mililita 1, na kwa hawa wa shule ya msingi mara moja isizidi miligramu 0.3. Baada ya dakika tano hajapata nafuu rudia. Alafu abaki kituoni saa kadhaa maana inaweza kurudi.

Kumbeba je? Mtoto aliyelegea alazwe, miguu iinuliwe, asisimamishwe wala asitembezwe. Anayehema kwa shida akae anavyoona yeye ni rahisi. Bodaboda kwa mtoto aliyelegea ni hatari kwa sababu anawekwa wima katikati ya watu wawili na presha imeshashuka, kama kuna bajaji au gari la mwalimu lichukuliwe hilo, alazwe mapajani. Kama hakuna kabisa basi bodaboda, kuliko kukaa kusubiri.

Naulizwa kama shule ipige marufuku karanga. Maoni yangu ni hapana, kwa shule hii karanga ni chakula cha watoto wengi na wengine ndicho pekee wamekuja nacho. Kinachotakiwa ni majina. Mwalimu wa darasa ajue mtoto gani amethibitishwa, wenzake waambiwe wasigawane naye kashata wala wasimlazimishe kwa utani, na anayepika uji wa shule asitumie upawa mmoja kwenye sufuria mbili. Na wahudumu wa afya wa jamii, jambo moja kwenu, ile paste ya kwenye pakiti tunayowapa watoto wenye utapiamlo mkali imetengenezwa kwa karanga, kwaiyo kabla hamjampa muulizeni mama kama karanga imewahi kumdhuru. Kwa karibu wote jibu litakuwa hapana, mpeni bila woga.

Kulikuwa na maswali, naandika yale ya maana zaidi.

Bibi mmoja aliuliza, "Mwanangu, mbona sisi tumekula karanga tangu tuko Kongwa, Waingereza wameleta matrekta yao ya karanga wakashindwa wakaondoka, hatukusikia mtoto kavimba?" Bibi nakuheshimu na una hoja. Ule mpango wa Kongwa ulianza 1947 ukafa 1951, na karanga zenu za mkono zikabaki. Wengi mlizila mkiwa wachanga kwenye uji na mlenda, na hiyo huenda ndiyo iliyowalinda. Wajukuu wako wanakaa nyumba ya vigae, wengine uji wao ni wa pakiti ya supamaketi, karanga wanaionja wakiwa na miaka miwili. Kwaiyo ukimtilia mjukuu wa miezi sita karanga laini kwenye uji, na ngozi yake ni nzima, unafanya kitu sahihi.

Baba mmoja akauliza kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, kwamba mtoto wake alitapika baada ya kula karanga zilizokaa ghalani. Hilo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2016 tulipoteza watu huku kwetu Chemba na Kondoa kwa sumukuvu, zaidi ilikuwa kwenye mahindi, na karanga nazo zinaipata. Sumukuvu haichagui mwenye aleji, inamdhuru yeyote anayeila, inaharibu ini. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, chungu mdomoni, itupwe, kuikaanga hakuiondoi sumu. Kama mtoto huyo huyo anakula karanga nzuri na hapati kitu, hana aleji.

Je mwenye aleji ya karanga aache na njugu mawe, kunde, maharage na korosho? Karanga ni jamii ya kunde, lakini wengi wenye aleji ya karanga wanakula maharage, kunde na njugu mawe bila shida, msimkatishe kwa kuhisi. Korosho ni mti tofauti, ila baadhi ya watoto wenye aleji ya karanga wana aleji ya korosho pia, hiyo tunaiangalia mtoto kwa mtoto. Na karanga ya kuchemsha sio salama kwa aliyethibitishwa, ni kweli kukaanga kunaiongezea ukali lakini kuchemsha hakuiondoi.

Itaisha akikua? Aleji ya yai na maziwa kwa watoto wengi inaisha. Ya karanga ni kama mtoto mmoja katika watano. Marekani 2020 waliidhinisha dawa ya unga wa karanga ambao mtoto anapewa kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole, na 2024 sindano inaitwa omalizumabu ikaidhinishwa kwa aleji za vyakula, zote zinapunguza ukali akila kwa bahati mbaya, hazimpi ruhusa ya kula kashata. Huku kwetu bado, kwaiyo aliyethibitishwa anaepuka, na kila mwaka mmoja au miwili tunampima upya, maana wapo wanaopona na wazazi wanaendelea kuwakataza mpaka wanafika sekondari.

Basi nimemaliza. Wenye karatasi za vipimo njooni nazo hapa mbele tuzisome pamoja, mama usije na karatasi peke yake, njoo na mtoto na kadi yake ya kliniki. Walimu wa madarasa tukutane ofisini kwa mwalimu mkuu tuandike majina ya watoto ambao wamewahi kuvimba au kubanwa baada ya kula, na namba za simu za wazazi wao na kituo cha afya kilicho karibu na shule.